Nyumba ya Haruni na Mafarakano Yake

Ikiwa Biblia yako iko karibu, ifungue katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, mstari wa 61. Twajua kwamba sura hiyo haisomwi sana. Ni majina matupu tangu mwanzo hata mwisho, na sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha theolojia tulikuwa tukiiruka, mpaka mwalimu mmoja alipotuuliza maswali juu yake siku moja, tukabaki kutazamana.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka 538 K.K. mfalme Koreshi wa Uajemi aliwapa Wayahudi ruhusa ya kutoka Babeli na kurudi kwao. Katika msafara walikuwamo watu wa jamaa tatu waliosema kwamba wao ni makuhani: wana wa Habaya, wana wa Hakosi, na wana wa Barzilai. Huyu wa tatu alikuwa ameoa binti ya Barzilai Mgileadi akajiita kwa jina la ukweni, jambo ambalo wazee wetu wangalimwonya mapema. Basi kitabu cha nasaba kilifunguliwa, jina likatafutwa baada ya jina, wala wao hawakuonekana. Liwali akawakataza wasile vitu vitakatifu mpaka atakaposimama kuhani mwenye Urimu na Thumimu, yaani vile vitu vya kuulizia shauri la Mungu. Nasi hatusomi popote kwamba kuhani huyo alisimama.

Tuwaache watu hawa mlangoni kwa sasa. Tutawarudia.

Ukali huu ulitoka wapi? Kwanza kumbukeni kwamba kuhani wa Israeli hakupewa shamba. Makabila mengine yaligawiwa nchi, lakini wana wa Haruni waliambiwa kwamba sehemu yao ni Bwana, na chakula chao kilitoka madhabahuni: kidari na paja la sadaka, malimbuko, na fungu la kumi la yale mafungu ya kumi waliyopokea Walawi. Kwa hiyo mtu alipouliza, "Nani ni kuhani wa kweli?" alikuwa anauliza pia, "Nani atakula?" Maswali hayo mawili yalitembea pamoja kwa miaka elfu moja, na mara nyingi ni vigumu kujua lipi lilikuwa mbele.

Haruni alikuwa na wana wanne. Nadabu na Abihu walikufa kwa ajili ya moto wa kigeni, wakabaki Eleazari na Ithamari. Kwa hesabu ya kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, mzee Eli wa Shilo alikuwa wa upande wa Ithamari. Mnajua habari za wanawe waliotia uma chunguni wakachukua nyama ya watu kwa nguvu. Mtu wa Mungu alimwambia Eli kwamba nyumba yake itakatwa, na kwamba ataondokea kuhani mwingine mwaminifu. Neno hilo lilikawia sana. Sauli aliua makuhani 85 wa Nobu kwa siku moja, na kijana mmoja tu, Abiathari, akaokoka, akamkimbilia Daudi na naivera mkononi. Daudi alipokuwa mfalme alikuwa na makuhani wawili kwa pamoja, huyu Abiathari na mwingine aitwaye Sadoki, wa upande wa Eleazari. Tuonavyo sisi, alifaulu kukaa nao kwa sababu kila mmoja alimpenda Daudi kuliko alivyompenda mwenziwe.

Daudi alipozeeka, mapatano hayo yakavunjika. Abiathari alimfuata Adoniya, Sadoki alimtia Sulemani mafuta. Sulemani akashinda. Abiathari hakuuawa, kwa kuwa alikuwa amechukua sanduku la Bwana mbele ya Daudi na kuteswa pamoja naye. Aliambiwa aende Anathothi, akalime mashamba yake. Na mwandishi wa Wafalme asema wazi kwamba hivyo ndivyo lilivyotimia neno lililonenwa juu ya nyumba ya Eli.

Anathothi ni kijiji kilicho karibu sana na Yerusalemu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Zaidi ya miaka 300 baadaye alitoka huko mtu mmoja wa jamaa ya makuhani, Yeremia mwana wa Hilkia, akasimama katika ua wa hekalu akasema kwamba nyumba hii itafanywa kama Shilo. Sasa jiweke mahali pa kuhani wa nyumba ya Sadoki anayesikia hayo. Shilo ni mahali pa Eli. Mtu wa kijiji cha waliofukuzwa anakuja kukuambia kwamba yaliyowapata wao yatakupata na wewe! Yeremia sura ya 26 yatuambia kwamba makuhani na manabii walimkamata wakasema hana budi kufa. Tulipolielewa hilo, sura hiyo haikusomeka kwetu tena kama zamani. Hekalu lilichomwa mwaka 586 K.K.

Huko uhamishoni nabii Ezekieli, ambaye naye alikuwa kuhani, alionyeshwa hekalu jipya, na katika sura ya 44 wana wa Sadoki peke yao ndio wanaokaribia madhabahu, nao Walawi wengine wanashushwa kuwa wangojezi wa milango na wachinjaji. Lakini ukisoma 1 Mambo ya Nyakati 24, nyumba zote mbili zina mahali: wakuu 16 wa Eleazari na 8 wa Ithamari, jumla zamu 24, wakapangwa kwa kura pasipo kupendelea. Maandiko haya mawili yamo katika Biblia moja, wala hakuna aliyethubutu kulifuta moja ili lingine lisimame.

Hekalu la pili lilipojengwa, kuhani mkuu alikuwa Yoshua mwana wa Yehosadaki, wa mlango wa Sadoki. Nyumba yake ilikishika kiti hicho kwa muda wa miaka 340 hivi, kutoka baba hata mwana. Si kwamba kulikuwa na amani tupu. Mjukuu wa kuhani mkuu Eliashibu alimwoa binti ya Sanbalati wa Samaria, na Nehemia asema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alimfukuza. Huko Samaria, juu ya mlima Gerizimu, palikuwa na mahali pengine pa ibada. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba pamekuwako tangu karne ya tano K.K. Na mbali sana, katika kisiwa cha Elefantine kwenye mto Nile, askari wa Kiyahudi walikuwa na hekalu lao, likabomolewa na Wamisri mwaka 410 K.K. Barua yao ya mwaka 407 imepatikana. Wanamwomba liwali wa Yuda ruhusa ya kulijenga upya, tena wanalalamika kwamba walimwandikia kuhani mkuu Yohanani wa Yerusalemu, naye hakuwajibu. Kunyamaza huko kwa mkubwa wa kanisa sisi twakujua.

Sasa twafika mahali palipo na uchungu. Ili kuyafuata ni lazima tufungue vitabu vya Wamakabayo, ambavyo sisi Waanglikana, kwa kanuni ya 6 kati ya zile 39, twavisoma kwa mfano wa maisha wala hatuthibitishi mafundisho kwavyo. Kwa habari ya leo mfano unatosha.

Mwaka 175 K.K. kuhani mkuu alikuwa Onia, wa tatu kwa jina hilo. Nchi ilikuwa chini ya wafalme Wagiriki wa Shamu, na mfalme mpya Antioko Epifane alikuwa na haja ya fedha. Ndugu yake Onia, aliyekuwa amebadili jina lake akajiita Yasoni kwa Kigiriki, alimwendea mfalme akaahidi talanta 360 za fedha, na nyingine 80 kutoka mapato mengine, apewe ukuhani mkuu. Talanta moja ilikuwa na uzito wa kilo 26 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: zile 360 peke yake ni zaidi ya tani 9. Akaongeza 150 apate ruhusa ya kujenga kiwanja cha michezo ya Kiyunani mjini. Yasemwa kwamba makuhani wakaanza kuacha sadaka ili wawahi mashindano.

Baada ya miaka mitatu Yasoni alimtuma mtu mmoja, Menelao, apeleke fedha kwa mfalme. Menelao alipofika akazidisha talanta 300 juu ya bei ya bwana wake, akarudi yeye akiwa kuhani mkuu! Huyu hakuwa wa nyumba ya Onia hata kidogo. Tena alipokosa fedha za kulipa, alitoa vyombo vya dhahabu vya hekalu akaviuza, na Onia mzee alipomkemea, alishawishiwa atoke mahali alipokimbilia karibu na Antiokia, akauawa. Kwa hiyo mauzo yalianzishwa na mwana wa Sadoki halisi, aliyemuuza ndugu yake wa tumbo moja. Nasaba haikukosa hata jina moja, lakini mtu mwenyewe alikuwa vile. Twaomba mlishike hilo, maana baadaye wengi walisema kwamba shida yote ilikuja na watu wasio wa ukoo.

Yaliyofuata mwayajua kidogo. Mwaka 167 K.K. Antioko aliitia madhabahu unajisi, na kuhani mmoja wa kijiji cha Modeini, Matathia, akainuka na wanawe watano. Yuda Makabayo alilitakasa hekalu mwaka 164. Watu hawa walikuwa mashujaa, wala hatutaki kupunguza sifa yao. Walikuwa makuhani wa zamu ya Yehoyaribu, ambayo kwa kura ilikuwa ya kwanza kati ya zile 24. Lakini nyumba yao haikuwa ile iliyokuwa ikitoa makuhani wakuu. Yuda akafa vitani. Kiti kikakaa tupu kwa miaka saba. Ndipo mwaka 152 K.K., katika Sikukuu ya Vibanda, ndugu yake Yonathani akavaa mavazi ya kuhani mkuu, naye aliyempa ni mmoja wa wafalme wawili wa Shamu waliokuwa wakishindana na kutafuta askari. Baba yao alianza vita kwa sababu mfalme wa mataifa ameingiza mkono wake madhabahuni. Mwana alipokea ukuhani kwa mkono wa mfalme wa mataifa. Miaka 12 baadaye mkutano wa watu ukamthibitisha ndugu yao Simoni awe kiongozi na kuhani mkuu daima, mpaka atakapoondoka nabii wa kuaminika. Mnaona? Ni kama lile neno la liwali katika Ezra, la kungoja. Lakini kule waliongoja walikaa nje, na hapa aliyengoja alikuwa amekwisha kuketi kitini.

Wana wa Sadoki je? Mwana wa yule Onia aliyeuawa alishuka Misri, akapewa ruhusa na mfalme Ptolemayo wa sita kujenga hekalu mahali paitwapo Leontopoli, akishika unabii wa Isaya 19 juu ya madhabahu ya Bwana katikati ya Misri. Hekalu hilo, lenye kuhani wa damu ya kweli, katika nchi isiyo ya ahadi, lilidumu zaidi ya miaka 200. Yerusalemu palikuwa na mahali pa kweli, na kuhani wa kutiliwa mashaka. Wewe ungalitoa sadaka yako wapi?

Wengine hawakwenda Misri wala hawakubaki mjini. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waliingia katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, mahali paitwapo Kumrani, wakakuta mitungi yenye magombo. Mpaka mwaka 1956 yalikuwa yamejulikana mapango 11 ya namna hiyo. Wataalamu walio wengi wasema magombo hayo yalikuwa ya wale Waesene wanaotajwa na mwandishi Yosefo. Katika kanuni ya jumuiya yao, mamlaka yamewekwa mikononi mwa wana wa Sadoki, makuhani walinzi wa agano. (Nakala nyingine za kanuni hiyo, zilizotoka pango la nne, mahali hapo zataja tu mkutano wa walio wengi. Kwa hiyo hata huko jangwani lilikuwako shauri juu ya nani mkubwa.) Kiongozi wao walimwita Mwalimu wa Haki, na adui yake walimwita Kuhani Mwovu, ambaye wengi wadhani ndiye Yonathani, na wengine Simoni.

Waliachana hasa kwa ajili ya kalenda. Hekalu lilihesabu miezi kwa kuandama kwa mwezi. Watu wa Kumrani walishika mwaka wa siku 364, ambao ni majuma 52 kamili, hata kila sikukuu ikaangukia siku ile ile ya juma kila mwaka. Jambo hili laonekana dogo mpaka uliposikia lilivyokuwa. Katika ufafanuzi wao wa Habakuki wasema kwamba Kuhani Mwovu alimfuatia Mwalimu mpaka mahali pake pa kukimbilia, ili ammeze, katika Siku ya Upatanisho. Kuhani mkuu hawezi kusafiri siku hiyo. Ni siku yake ya kuingia Patakatifu pa Patakatifu. Basi ilikuwa siku ya upatanisho kwao, na kwake siku ya kawaida. Watu wa Mungu mmoja na Torati moja, wasiweze tena hata kufunga pamoja kwa ajili ya dhambi zao.

Na wale Mafarisayo na Masadukayo wa Injili walitokea katika mafarakano haya haya. Jina la Masadukayo, kama wengi waonavyo, latokana na Sadoki. Walikuwa watu wa nyumba kubwa za makuhani na marafiki zao. Mafarisayo wengi hawakuwa makuhani, nao walifundisha kwamba usafi uliotakiwa madhabahuni uletwe hata mezani kwa mtu wa kawaida, mikono inawe, zaka itolewe mpaka ya mnanaa. Yosefo atusimulia karamu moja ya Yohana Hirkano, mwana wa Simoni, aliyetawala tangu 134 hata 104 K.K. Aliwaomba Mafarisayo wamwambie kama wameona kosa kwake. Wote wakamsifu, isipokuwa Eleazari mmoja, aliyemwambia auache ukuhani mkuu, atosheke na kutawala watu, kwa kuwa mama yake alipata kuwa mateka, na mwana wa mateka nasaba yake ina shaka. Yosefo asema habari hiyo ilikuwa ya uongo. Hirkano alikasirika akaenda upande wa Masadukayo.

Mwanawe Aleksanda Yanayo alipokuwa akihudumu madhabahuni katika Sikukuu ya Vibanda, watu walimtupia malimau makubwa waliyoshika kwa ajili ya sikukuu, wakimwita mwana wa mateka. Uvumi ule wa karamu ulikuwa umekua. Yosefo asema aliua watu 6,000. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alisulubisha wengine 800, na wake zao na watoto wao wakachinjwa mbele ya macho yao, naye akila karamu. Huyo ni kuhani mkuu wa Bwana, mwana wa mjukuu wa Matathia.

Wajukuu nao wakagombana. Ndugu wawili, Hirkano wa pili na Aristobulo, kila mmoja alimwita Pompeyo Mrumi amsaidie, na mwaka 63 K.K. Pompeyo akaingia kwa miguu yake mpaka Patakatifu pa Patakatifu, huku makuhani wakiuawa penye sadaka zao bila kuacha kazi. Mwaka 40 mpwa wa Hirkano alimkata mzee huyo masikio. Mwaelewa sababu? Walawi 21 yakataza mwenye kilema asikaribie madhabahu. Alikuwa amejifunza Torati vizuri.

Herode alimaliza kazi. Aliweka makuhani wakuu na kuwaondoa kama apendavyo, na mmoja, kijana wa nyumba ya Wamakabayo ambaye watu walimshangilia mno, akazamishwa katika bwawa la Yeriko. Yosefo ahesabu makuhani wakuu 28 tangu Herode hata kuchomwa kwa hekalu, muda wa miaka 107. Linganisheni na ile nyumba ya Sadoki, baba hata mwana. Anasi tunayemjua aliwekwa mwaka 6 B.K. akaondolewa mwaka 15, lakini wanawe watano walishika kiti kwa nyakati mbalimbali, pamoja na mkwewe Kayafa, tangu 18 hata 36. Mwaka 1990 katika kaburi upande wa kusini wa Yerusalemu lilipatikana sanduku la mifupa lililoandikwa jina la Yusufu mwana wa Kayafa, na wengi wakubali kwamba ndiye.

Jambo moja zaidi juu ya siku za Kayafa. Mavazi matakatifu ya kuhani mkuu, ambayo bila hayo hawezi kuhudumu Siku ya Upatanisho, yalikuwa yamefungiwa katika ngome ya Antonia chini ya askari wa Kirumi, yakitolewa kabla ya sikukuu na kurudishwa baadaye.

Hapa hatuna budi kukiri jambo letu. Sisi tumewahi kuketi katika halmashauri ya mtaa mmoja wa kanisa tangu saa nane mchana hata taa zikawashwa, na shauri lilikuwa ni nani atakayeshika ufunguo wa kabati la kanzu na vyombo vya meza ya Bwana. Upande mmoja walikuwa watoto wa wale waliotoa kiwanja. Upande wa pili walikuwa watoto wa mwinjilisti wa kwanza. Nasi tulikuwa na upande wetu, na tulisema siku ile maneno juu ya babu wa mtu ambayo hatukuyajua kuwa kweli. Mwisho wa mambo ufunguo ulipelekwa kituo cha polisi, ukakaa huko miezi minne. Jumapili ya Pasaka tulikwenda kuuomba kaunta, askari akatwambia tutie sahihi.

Basi wakati makuhani wakuu waligombania kiti, makuhani wadogo walifanyaje? Yosefo, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani wa zamu ya Yehoyaribu, asema watumishi wa wakubwa walikwenda kwenye viwanja vya kupuria wakachukua zaka kwa nguvu, na makuhani maskini wengine wakafa njaa. Ni wana wa Eli tena, na uma wao. Lakini pia katika makuhani wadogo hao alikuwamo Zakaria wa zamu ya Abiya, ya nane kwa kura, mzee asiye na mtoto, aliyepanda kutoka nchi ya milima kwa juma lake la huduma, akavukiza uvumba.

Vita na Warumi vilipoanza, wenye silaha mjini waliwakataa wakubwa wote wakapiga kura wenyewe. Kura ilimwangukia Fania mwana wa Samweli, mtu wa kijijini asiyejua hata ukuhani mkuu ni nini. Walimvika mavazi wakamfundisha afanyeje, naye Yosefo asema makuhani wengine waliotazama kwa mbali walilia machozi. Sisi twamwonea huruma Fania. Mwaka 70 B.K. hekalu likaungua. Ndugu zetu Wasamaria wako hata leo penye Gerizimu, wachache, hawafiki elfu moja, na kuhani mkuu wao. Masadukayo hawakuonekana tena. Wale waliofundisha meza ya nyumbani walikuwa na mahali pa kuendelea, na Wayahudi wa leo kwa sehemu kubwa ni wanafunzi wao.

Na Bwana wetu? Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, hauifichi shida. Wasema ni dhahiri kwamba alitoka Yuda, kabila ambalo Musa hakunena neno lolote juu yake katika mambo ya ukuhani. Mwandishi hatafuti bibi wa Kilawi wa kumpachika. Amshika Melkizedeki, mtu ambaye Mwanzo haikuandika baba yake, wala mama yake, wala nasaba yake. Kama Yesu angalifika mbele ya yule liwali wa Ezra na kile kitabu kufunguliwa, angalikataliwa, tena kwa haki, kwa sheria iliyokuwapo. Angaliambiwa asimame pale pamoja na wana wa Habaya, wana wa Hakosi na wana wa Barzilai.

Tulisema tutawarudia. Habari za Habaya na Barzilai zaishia hapo. Lakini hesabuni zamu katika 1 Mambo ya Nyakati 24:10. Ya saba ni Hakosi. Kisha fungueni Nehemia sura ya 3, miaka mingi baada ya siku ile ya kitabu cha nasaba, wakati ukuta wa Yerusalemu unapojengwa. Mstari wa 4 wataja Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, akifanya kazi katika sehemu yake. Jina hilo hilo, Meremothi mwana wa Uria, liko katika Ezra 8:33, na hapo anaitwa kuhani, naye ndiye aliyepimiwa mkononi fedha na dhahabu za nyumba ya Mungu. Na mstari wa 21 wa sura ile ya Nehemia wasema kwamba alipomaliza kipande chake alijenga na kipande cha pili. Kilianzia mlangoni pa nyumba ya Eliashibu, kuhani mkuu, kikaishia mwisho wa nyumba hiyo.